Viwanja vya Buha Vinahitaji Mwenyewe na Mfuko

Kijiji cha Tanzania kina zahanati yenye mganga wake, kina shule yenye mwalimu mkuu wake na, mahali pengi siku hizi, kina mradi wa maji wenye kamati yake na akaunti yake ya benki. Lakini uwanja wa michezo na eneo la wazi la kupumzikia, ambavyo watu wa rika zote huvitumia kila jioni, havina mtu anayewajibika kwavyo wala fungu la fedha linalovihusu. Katika nyanda za juu za Kigoma, yaani Buha, kuanzia Muyama na vijiji vya mpakani mwa Burundi, kupita Kasulu hadi Kibondo, pengo hilo huumiza zaidi, kwa sababu ardhi ni ya milima, makazi yamesongamana, vijana ni wengi, na tambarare ndogo iliyopo hugombewa na kila mwenye jembe. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba viwanja hivyo havitaokolewa na halmashauri za wilaya peke yake, wala na michango ya kushtukiza, bali na aina ya chombo ambacho Marekani imekitumia kwa zaidi ya miaka 100 na ambacho, kwa upande wa maji, Tanzania yenyewe imekwisha kukiunda: mamlaka ndogo ya jamii yenye kazi moja, mipaka yake inayojulikana, viongozi wake waliochaguliwa na mfuko wake usiochanganywa na mwingine.

Asili ya viwanja vyenyewe inaeleza sehemu kubwa ya tatizo. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa Buha, hasa upande wa Kibondo, na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na mbung'o wanaoeneza malale. Miongo minne baadaye, mwaka 1972, Operesheni Kigoma ikawa miongoni mwa operesheni za mwanzo za kuwahamishia wananchi katika vijiji vya pamoja, kabla ya zoezi hilo kuenea nchi nzima. Kwa kawaida kijiji kilichopimwa kwa kamba kilitengewa nafasi ya shule, ofisi, ghala na uwanja, na uwanja huo ukawa mahali pa gwaride, pa mkutano wa hadhara, pa ngoma na pa mpira. Swali la nani angeufyeka baada ya miaka 50 halikuulizwa, kwa kuwa wakati huo kazi za kujitolea zilisimamiwa na chama na serikali kwa pamoja, na balozi wa nyumba kumi aliweza kuwatoa watu majumbani mwao wakiwa na majembe na mafyekeo. Muundo huo ulipolegea, hasa baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, uwanja ulibaki bila msimamizi, ingawa watu hawakuacha kuutumia hata siku moja.

Uwanja wa namna hiyo ukitazamwa kwa karibu unasimulia historia yake wenyewe. Magoli ni nguzo za mkaratusi zilizochimbiwa bila saruji, na moja ya nguzo hizo imeliwa na mchwa kuanzia chini. Upande wa mlimani uko juu kuliko upande wa bondeni, kwa hiyo timu inayoshambulia kuelekea bondeni ina faida ambayo kila mtazamaji anaijua. Maji ya masika yamechimba mfereji kutoka kona moja hadi karibu na duara la kati, na bodaboda zimejikatia njia kutoka barabarani kuelekea sokoni. Pembeni, mistari ya mahindi na maharage ya mwenye shamba jirani husogea hatua moja kila msimu, na kwa kuwa hakuna jiwe la mpaka wala ramani, hakuna anayeweza kumwambia kwa ushahidi kwamba amevuka. Karibu na goli lipo shimo ambalo udongo wake ulifyatuliwa matofali ya darasa jipya, na shimo hilo hujaa maji kila mvua zinapokolea, hata wazazi wenye watoto wadogo wakawa na wasiwasi. Darasa ni jambo jema na wananchi walilijenga kwa jasho lao. Lakini uwanja ndio uliolipa gharama ambayo haikuandikwa katika bajeti yoyote.

Kisheria, uwanja huo hauko hewani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, na inatambua kwamba sehemu ya ardhi hiyo ni ya matumizi ya pamoja, yaani haigawiwi mtu mmoja mmoja. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007 inakipa kijiji uwezo wa kuandaa mpango unaoonyesha wapi ni pa kulima, wapi pa kuchunga, wapi pa msitu na wapi pa huduma za jamii. Lakini kutenga eneo na kulitunza ni mambo mawili tofauti. Viwanja vingi vimo ndani ya eneo la shule ya msingi, hivyo mwalimu mkuu anayesukumwa kuongeza madarasa huutazama uwanja kama akiba ya ardhi. Vingine viko karibu na ofisi ya kijiji, na hapo kila mradi unaokuja na fedha za kujenga unaelekezwa palepale kwa sababu hapana fidia ya kulipa. Maamuzi hayo hufanywa na watu wenye nia njema, kila mmoja akitimiza wajibu wake, na ndiyo maana ni vigumu kuyazuia: katika kikao kinachoamua, hakuna mjumbe hata mmoja ambaye kazi yake ni kuutetea uwanja.

Halmashauri ya wilaya, ambayo watu wengi wangeitarajia kubeba jukumu hilo, ina sababu za kweli za kushindwa. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, sheria za mwaka 1982 zikaweka msingi wa kuzirejesha, na zilipoanza kazi tena mwaka 1984 zilirithi majukumu mengi na vyanzo vichache vya mapato. Mkoani Kigoma ugawaji wa mwaka 2012 uliitoa Buhigwe, ambamo Muyama imo leo, kutoka Kasulu, na Kakonko kutoka Kibondo, jambo lililosogeza ofisi karibu na wananchi lakini likazigawa pia fedha ambazo tayari zilikuwa haba. Katika mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 10 hutengwa kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kinachobaki hugombewa na maabara, zahanati, barabara za vijijini na posho za vikao. Mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2.4, kwa sensa ya mwaka 2022, hauwezi kulaumiwa kwa kutanguliza dawa na madarasa. Lakini kinachotanguliwa kila mwaka bila kikomo huwa kimefutwa, hata kama hakuna aliyeandika barua ya kukifuta.

Zaidi ya hapo, fedha za michezo zinapopatikana kitaifa huelekea juu. Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 2007 ukiwa na nafasi za watazamaji 60,000, na uwanja mpya wa Arusha unaojengwa kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, ni fahari halali ya nchi. Ila kijana wa Kasulu hujifunza kupiga chenga kwenye uwanja wa shule, wala hajifunzii Dar es Salaam. Viwanja vya ngazi ya mkoa navyo vina hadithi ya umiliki inayostahili kukumbukwa: vingi vilijengwa enzi za chama kimoja kwa nguvu za wananchi, na mfumo ulipobadilika vikabaki mali ya Chama Cha Mapinduzi, Uwanja wa Lake Tanganyika mjini Kigoma ukiwa mmoja wao. Jambo la kujifunza hapo halihusu chama hiki au kile, bali linahusu hati: mali iliyochangiwa na wote bila chombo cha wote cha kuimiliki humwangukia yule aliyekuwa ameshika kalamu siku makaratasi yalipoandikwa.

Nchini Marekani swali hili liliulizwa mapema, na jibu lake lilikuwa kuunda mamlaka za mitaa za kazi maalumu. Mamlaka ya namna hiyo si wilaya wala si manispaa. Ni serikali ndogo inayoundwa kwa sheria ya jimbo, mara nyingi baada ya kura ya wakazi, ikapewa jambo moja tu la kusimamia, liwe maji, zimamoto, makaburi, maktaba au bustani na michezo, pamoja na haki ya kutoza kodi ndogo au ada ndani ya mipaka yake. Leo nchi hiyo ina mamlaka za aina hiyo zaidi ya 38,000. Chicago ilikuwa nazo za bustani tangu mwaka 1869, na California ikatoa mfano unaosisimua zaidi, kwa kuwa ulitokea wakati wa shida. Katika miaka ya mwanzo ya 1930, mamlaka ya maji ya eneo la Oakland na Berkeley ilijikuta na maelfu ya ekari za milima ambazo haikuzihitaji tena kwa ajili ya mabwawa. Wakazi wakaomba zifanywe bustani za umma, mamlaka ya maji ikakataa kubeba kazi isiyo yake, na wananchi wakaamua kuunda chombo kipya. Novemba 1934, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, watu wasio na ajira wakiwa wamejaa mitaani, asilimia 71 ya wapigakura walikubali kujitoza kodi ya senti 5 kwa kila dola 100 za thamani ya mali iliyokadiriwa ili milima hiyo isiuzwe. Mamlaka ya bustani iliyozaliwa siku hiyo bado inafanya kazi, na sasa inasimamia bustani na hifadhi zaidi ya 70.

Waliopiga kura ile hawakuwa matajiri wa kutisha, na ndipo uzito wa mfano huo ulipo. Walikubali kutoa kwa sababu walijua mambo matatu: fedha ile ingetumika kwa kazi moja tu, ingetumika ndani ya eneo lao tu, na watakaoitumia wangechaguliwa nao na kuweza kuondolewa nao. Mwananchi yeyote wa Buha aliyewahi kuchangia jambo asilione likikamilika anaielewa hesabu hiyo bila kufafanuliwa.

Tanzania haihitaji kwenda California kuuona muundo huo ukifanya kazi. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake, maji yakiwa ya bure na serikali ikiwa ndiyo fundi, mlinzi na mlipaji. Ilipofika mwaka 1991 lengo lilikuwa mbali, na mitambo mingi iliyokwisha kujengwa ilikuwa imelala kwa kukosa dizeli, vipuri na mtu wa kuita. Sera ya Maji ya mwaka 1991, kisha ile ya mwaka 2002, zilikubali ukweli mchungu kwamba mradi usio na mwenyewe hufa, na zikaanza kuwakabidhi watumiaji usimamizi na gharama za uendeshaji. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, iliyoanzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, imeufikisha mfumo huo mahali pazuri zaidi: chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii kinaweza kuunganisha vijiji kadhaa vinavyotumia chanzo kimoja, kina viongozi waliotoka kwa watumiaji, kinatakiwa kuwa na fundi na mhasibu wenye sifa, na kinatunza fedha zake kwenye akaunti yake. Vyombo hivyo vina matatizo yao, na vipo vilivyolegea. Lakini pampu ikiharibika leo kuna jina la mtu wa kupigiwa simu, na kuna fedha ya kuanzia. Uwanja ukiharibika hakuna hata kimojawapo.

Hicho ndicho chombo kinachopendekezwa kwa ajili ya viwanja na maeneo ya mapumziko: chombo cha jamii kinachovuka mipaka ya kijiji kimoja, chenye ukubwa wa kata moja au kata mbili zinazopakana, kwa sababu uwanja mzuri mmoja wenye nyasi na maji kwa vijiji vinne una manufaa kuliko vipande vinne vya tope, na kwa sababu mashindano yenyewe, yawe ya kugombea mbuzi au ng'ombe, hayajawahi kuheshimu mpaka wa kijiji. Msingi wa kisheria upo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaruhusu vijiji jirani kuingia makubaliano ya pamoja ya matumizi ya ardhi, na wafugaji wa Kiteto mkoani Manyara wameitumia ruhusa hiyo kuunganisha malisho ya vijiji vyao katika eneo linalojulikana kwa jina la OLENGAPA, kisha chama chao kikapewa hati za hakimiliki za kimila juu ya malisho hayo. Kinachowezekana kwa nyasi za ng'ombe kinawezekana kwa nyasi za watoto. Hati ya kimila iliyotolewa kwa chombo cha viwanja ingekuwa kinga ambayo uwanja wa Buha haujawahi kuwa nayo, kwa kuwa mwenye mahindi jirani, mwalimu mkuu na mkandarasi wote wangelazimika kuzungumza na mwenye hati.

Swali gumu ni fedha, na hapa historia ya nchi inadai uangalifu. Kodi ya maendeleo, ambayo watu wengi waliizoea kwa jina la kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003 baada ya kuwa kero iliyowafanya wanaume wakimbilie vichakani walipowasikia mgambo. Baada ya hapo michango ya kila namna, ya maabara, ya madawati, ya mwenge, ikaziba nafasi yake bila kuwa na uwazi wa kodi. Kodi ya majengo nayo, ambayo katika nchi nyingi ndiyo inayolisha bustani na viwanja, tangu mwaka 2021 hukatwa kwenye mita za umeme na kupelekwa Mamlaka ya Mapato; mwenye nyumba mjini Kasulu huiona ikipungua kwenye tokeni zake bila kuona ilipokwenda. Kuwaongezea watu hao mzigo mwingine wa lazima kwa jina la michezo kungekuwa kosa, tena kosa la kuua wazo lenyewe kabla halijazaliwa.

Kwa hiyo mfuko unapaswa kuanza na fedha ambayo tayari inazunguka uwanjani. Siku ya fainali ya mashindano ya kata kuna kiingilio, kuna wauza karanga, miwa na soda, kuna mwenye spika na jenereta, na kuna mgombea au mfadhili aliyetoa jezi ili aonekane. Sehemu ndogo ya kila kimoja, ikikusanywa kwa stakabadhi, ni mapato halisi. Siku za gulio, pale ambapo soko linapakana na uwanja na wafanyabiashara hupanga bidhaa hadi ndani ya mistari, halmashauri inaweza kurejesha asilimia ndogo ya ushuru kwa chombo cha viwanja kwa sheria ndogo, kwa kuwa soko linatumia ardhi ya uwanja bila kuilipa. Kampuni ya simu inayoweka mnara pembeni mwa eneo la wazi hulipa pango, na pango hilo linastahili kuingia katika mfuko wa ardhi iliyolizaa. Baada ya hayo ndipo mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unapaswa kukutana walau mara moja kila miezi mitatu na kuwashirikisha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, unaweza kuulizwa kama unakubali ada ya kaya. Ichukuliwe kata yenye kaya 2,000: shilingi 1,000 kwa kaya kwa mwaka ni shilingi milioni 2. Kiasi hicho hakijengi jukwaa, lakini kinamlipa mtu wa kufyeka na kuziba mifereji mwaka mzima, na ukweli ni kwamba upungufu wa viwanja vya Buha ni wa mtu wa kufyeka kabla ya kuwa wa jukwaa.

Aliyeshika mfuko ndiye mwenye chombo, na Kenya imelionyesha jambo hilo kwa uchungu. Msitu wa Karura jijini Nairobi, wenye zaidi ya hekta 1,000, ulinusurika kugawiwa waendelezaji baada ya mapambano ambayo Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa kwa ajili yake mnamo Januari 1999, miaka kumi baada ya yeye huyohuyo kupinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ilipofungua njia ya jamii kushiriki usimamizi, chama cha marafiki wa Karura kiliingia ubia na Huduma ya Misitu ya Kenya, uzio na lango vikawekwa, ada ndogo ikatozwa, na mahali palipoogopwa kwa uhalifu pakawa pa familia kutembea na kuendesha baiskeli. Mwaka 2025 Huduma ya Misitu ilipoagiza ada zilipwe kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen, chama hicho kililiona hilo kama kukatwa mkono, na mgogoro ukafika mahakamani. Yeyote mwenye haki zaidi katika kesi hiyo, funzo kwa Kigoma ni bayana: makubaliano kuhusu nani anakusanya, fedha inakaa wapi na inatoka kwa saini za nani lazima yaandikwe kabla ya shilingi ya kwanza kupokelewa, kwa sababu yakiandikwa baadaye huandikwa na mwenye nguvu. Jumuiya za hifadhi za wanyamapori nchini Tanzania, ambazo vijiji huziunda kwa kuunganisha ardhi zao, zimelalamika kwa miaka mingi kuhusu mapato yanayopita wizarani na kuchelewa kurudi.

Mamlaka za kazi moja zina maradhi yake pia, na si haki kuyaficha. Chicago ilijikuta na mamlaka 22 za bustani ndani ya jiji moja, kila moja na wakubwa wake, hata ikabidi ziunganishwe kuwa moja mwaka 1934. Chombo kisichotazamwa na mtu hugeuka ajira ya ndugu. Kura ya wananchi wa California mnamo Juni 1978 iliyoweka kikomo cha kodi ya mali kuwa asilimia 1 ya thamani ilizitikisa mamlaka ndogo zilizotegemea kodi hiyo peke yake. Ugonjwa mkubwa kuliko yote ni ukosefu wa usawa: penye matajiri bustani hupendeza, na penye maskini nyasi hukauka, kila eneo likila cha kwake. Waingereza walipounda mamlaka ya bustani ya bonde la Lee mwaka 1967 walilikwepa hilo kwa kutoza halmashauri zote za London, Essex na Hertfordshire, hata zilizo mbali na bonde lenyewe. Kigoma ingepaswa kufanya jambo linalofanana na hilo kwa kiwango chake: halmashauri ya wilaya iweke fungu dogo la kusawazisha, likielekezwa kwanza kwenye kata zisizo na gulio, zisizo na mnara na zisizo na barabara ya lami, kwa sababu mtoto hachagui kata ya kuzaliwa.

Mkoa huu unao mfano mwingine wa karibu ambao haujafikiriwa vya kutosha. Tangu mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imewahifadhi wakimbizi kutoka Kongo na baadaye kutoka Burundi, kama ambavyo Nduta imefanya upande wa Kibondo. Maisha ya kambini ni magumu na hakuna wa kuyaonea wivu. Lakini mashirika yanayowahudumia watoto huko yanajua kwamba mtoto aliyekimbia vita anahitaji mahali pa kucheza kama anavyohitaji chakula, hivyo hutenga eneo, huweka msimamizi na huliandikia bajeti. Kijiji kinachopakana na kambi hiyo, kilichotoa ardhi, kuni na maji kwa wageni kwa karibu miaka 30, hakina kitu cha namna hiyo. Wafadhili wanaosema kila mara kwamba wanataka kuzisaidia jamii zinazopokea wakimbizi wangepata hapa kazi inayoonekana, mradi tu wakute chombo chenye hati na akaunti cha kukabidhi fedha, badala ya kujenga goli la chuma, kupiga picha na kuondoka.

Jambo moja linaweza kuliharibu lote hata sheria na fedha zikipatikana, nalo ni kuukabidhi uwanja kwa mpira wa wanaume peke yake. Chombo kikiongozwa na makocha na wenyeviti wa timu, kitasawazisha uwanja wa mpira na kusahau kwamba wasichana waliocheza netiboli kwenye mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA hawana pa kuchezea wakishamaliza shule. Kwamba mama aliyetua ndoo anahitaji kivuli na benchi. Kwamba wazee wanaocheza bao chini ya mwembe wa mtu binafsi hufukuzwa siku mwembe unapouzwa. Na kwamba mtoto wa miaka minne hawezi kushindana kwa nafasi na kijana wa miaka 20. Sheria inayoongoza halmashauri za vijiji inatenga nafasi kwa wanawake, na kanuni ya chombo cha viwanja inapaswa kwenda mbali zaidi: nusu ya wajumbe wawe wanawake, na angalau kiti kimoja kiwe cha mtu mwenye ulemavu, kwa kuwa mfereji anaouruka kijana bila kufikiri humzuia kabisa mwenye magongo asifike uwanjani.

Utekelezaji hauhitaji kusubiri Bunge. Halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, zikapitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kata mbili au tatu za Buhigwe, Kasulu na Kibondo zikikubali kuanza, zitaonyesha kasoro ambazo hakuna mwanasheria wa Dodoma atakayeziona akiwa mezani. Kazi ya kwanza ni ya mpima ardhi: mawe manne ya pembe, ramani moja inayobandikwa ofisini na nakala yake wilayani, na mstari wa miti kuzunguka eneo lote. Kazi ya pili ni akaunti yenye saini tatu, mmojawapo wa watia saini akiwa mtu asiye kiongozi wa timu yoyote, na taarifa ya mapato na matumizi inayosomwa kwa sauti kila mkutano mkuu. Na katika sheria ndogo hiyo kipengele kimoja kiandikwe kwa lugha isiyo na mwanya: kwamba taasisi yoyote ya umma, iwe shule, zahanati au ofisi, ikihitaji kujenga ndani ya eneo la uwanja, itatafuta kwanza eneo jingine lenye ukubwa uleule na usawa uleule wa ardhi, italisafisha na kulikabidhi kwa chombo cha viwanja mbele ya mkutano mkuu, ndipo iruhusiwe kuchimba msingi.